Mbwa Aliyekula Wima

Kengele ya kutoka ilipolia, wenzake walikuwa bado wanakusanya madaftari, lakini Kitinda alikuwa amekwisha kulifikia lango la shule. Hakukimbizwa na njaa, wala hakuna aliyemfukuza. Alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Wasichana wa darasa lake walikuwa na desturi ya kubaki uwanjani wakiruka kamba. Zamani walimwita, "Kitinda, njoo, tumepungukiwa na mtu!" naye akajibu, "Kesho." Kesho hiyo haikufika, na mwishowe walichoka kumwita. Siku hizi alipita kando yao na mkoba wake mgongoni kama mpita njia tu. Alijifanya hatazami, ingawa masikio yake yote yalikuwa kwao.

Nyumba yao ilikuwa na vitanda vingi kuliko watu. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa, kaka yake alikuwa amefuata kazi mbali, na yeye, kitinda mimba wa mama yake, ndiye aliyebaki, pamoja na jina lake la utani. Mama yake alikuwa mwoka mikate. Aliondoka alfajiri kabla jogoo hajajua vizuri kama kumekucha, na alirudi mchana akiwa hoi. Kitinda alipotoka shule alimkuta amelala na viatu miguuni, unga ungali kwenye nyusi. Alimvua viatu polepole, akamfunika shuka, kisha akaufunga mlango bila kelele.

Aliyekuwa macho akimsubiri alikuwa Kofia.

Kofia alikuwa mbwa mweupe, mwenye doa jeusi kichwani lililokaa upande kama kofia ya mtu mwenye maringo. Alikuwa mbwa wa kaka yake. Siku ya kuondoka, kaka alimshika Kitinda bega akasema, "Nakuachia huyu. Mtunze kama ungenitunza mimi." Mwanzoni alipiga simu kila mara kuuliza, "Kofia hajambo?" Baadaye simu zikawa za nadra, na Kitinda hakulaumu. Kazi ni kazi. Lakini neno lile la kuachiwa alilishika kwa mikono miwili.

Muda si mrefu baada ya kaka kuondoka, Kofia alianza kukonda. Alikula kama kesho hakuna, kisha baada ya kitambo aliinamisha kichwa, na chakula chote kikarudi na kumwagika chini kama kilivyoingia. Mbavu zikaanza kuhesabika. Mama alidhani ni minyoo. Majirani walisema amelishwa sumu. Kitinda alimfunga kamba akampeleka mwenyewe kwa daktari wa mifugo, mzee mrefu mwenye ofisi iliyonuka dawa na chakula cha kuku.

"Anatapika au anacheua?" daktari aliuliza.

"Si vitu vya namna moja, daktari?"

"Hapana, binti. Anayetapika, tumbo lake hujikaza, na chakula hutoka kimevurugika. Anayecheua hajikazi hata kidogo. Chakula hurudi tu, kwa sababu hakikufika tumboni."

Kitinda alifikiri. "Basi anacheua."

Daktari alimpima Kofia, akampiga picha ya kifua, kisha akachukua mpira mlegevu wa kumwagilia maji uliokuwa ukutani. "Hili hapa ni umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mbwa mzima, njia hii hubana na kusukuma. Ya Kofia imelegea kama mpira huu. Ukiulaza chini, maji yanakaa humo humo. Ukiusimamisha," aliuinua, maji yakashuka chururu kwenye ndoo, "yanateremka yenyewe. Kwa hiyo Kofia lazima ale akiwa wima, na abaki wima mpaka chakula kishuke. Na kabla ya kula apate dawa hii ya maji. Inafungua mlango wa tumbo."

"Atapona lini?"

Daktari hakumficha. "Huu si ugonjwa wa kupona. Ni ugonjwa wa kutunzwa. Ukimtunza, ataishi vizuri na ataruka kama wenzake. Ukilegeza, chakula kitapotea njia kiingie kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari ilipo."

Tangu siku hiyo Kitinda hakuwa na muda wa kuruka kamba.

Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, kazi ilikuwa ile ile. Alivuta dawa kwa bomba dogo lisilo na sindano, akaliingiza pembeni mwa mdomo wa Kofia, akasukuma kidogo kidogo. Dawa ilipokuwa ikifanya kazi yake, yeye alifagia ua na kuosha vyombo. Kisha alikoroga chakula kikawa laini, akafinyanga matonge madogo. Kiti cha Kofia kilikuwa kreti la mikate ambalo mama alipewa kazini, likasimamishwa kwenye kona na kutandikwa blanketi kuukuu. Kofia alikaa ndani mgongo wima, miguu ya mbele juu ya ubao, akitazama huku na huku kama mheshimiwa anayesubiri kuhutubia. Akishalishwa matonge ya mwisho, Kitinda alikaa chini mbele yake akamshika mabega, asije akaruka kabla ya wakati.

Hapo ndipo alipozungumza. Alimweleza Kofia nani alipata alama mbaya, mwalimu gani ana mafua, na jinsi mlango wa chumba cha kaka unavyolia upepo ukivuma. Kofia alisikiliza kwa makini, huku akimtolea macho ya huruma. Siku nyingine mtu pekee aliyemsikia Kitinda akisema zaidi ya maneno mawili alikuwa mbwa huyo.

Na Kofia alinenepa. Mbavu zikafunikwa, manyoya yakang'aa, akaanza tena kufukuza mkia wake.

Nyumba ya jirani walihamia bibi mmoja fundi cherehani na mjukuu wake. Mjukuu huyo alisoma darasa moja na Kitinda, na shule nzima ilimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku moja alichungulia juu ya ukuta.

"We Kitinda! Mbona mbwa wako amekaa kama mtu anayesubiri kinyozi? Anakula hapo? Kweli? Na hicho unachompa ni nini, dawa? Inanuka? Mimi bibi yangu ana dawa ya magoti inanuka mpaka panya wamehama. Nije nikushikie?"

"Hapana," Kitinda alijibu.

"Nifundishe basi. Siku moja moja nitakusaidia."

"Hakubali mtu mwingine."

Huo ulikuwa uongo. Kofia angekubali hata kushikwa na mwizi, mradi tu amkune sikio. Chiriku alikaa kidogo juu ya ukuta, akasema, "Haya," kisha akateremka. Alirudi tena kesho yake, na mara nyingine, na jibu likawa lile lile, mpaka na yeye akaacha.

Mama naye aliwahi kuuliza. Alisimama mlangoni siku moja, macho mekundu kwa usingizi. "Nionyeshe na mimi mwanangu, nikupokee."

"Umechoka, mama. Kalale. Nitafanya mwenyewe."

Mama alimshukuru, akaamini ni huruma tu. Huruma ilikuwepo, si uongo. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho Kitinda hakukitazama usoni. Katika nyumba ile ambamo kila mtu alikuwa ameondoka au amelala, Kofia alikuwa wake. Alimhitaji yeye, na yeye tu. Kama kila mtu angejua kumlisha, Kitinda angebaki na nini?

Alipompeleka Kofia kupimwa tena, daktari alifurahi. "Umefanya kazi ya watu wazima. Na nani mwingine nyumbani anajua dawa yake na namna ya kumlisha?"

"Mama anajua," alisema upesi.

"Vizuri sana," daktari akasema, na kumkuna Kofia shingoni. Kitinda alirudi nyumbani akiwa na dawa mpya mkononi na uzito mdogo moyoni, ambao aliusahau alipofika.

Homa ilimjia asubuhi moja ya siku ya shule. Aliamka kichwa kizito kama gunia lililolowa. Alijikaza kisabuni, akampa Kofia dawa na chakula kwa mikono inayotetemeka, akamshika mabega huku jasho jembamba likimtiririka, kisha akaenda shule. Kabla ya mapumziko alidondoka kwenye dawati. Walimu walimbeba mpaka zahanati, na muuguzi alipompima joto alitikisa kichwa. "Huyu haondoki hapa leo. Anahitaji dripu."

Mama alifika mbio kutoka kazini, aproni ikiwa bado kiunoni. Kitinda alimwona kama mtu aliye nyuma ya moshi.

"Mama... Kofia... kreti... kwanza bomba..."

"Tulia mwanangu. Kofia atakula. Nitampigia bibi jirani."

"Siyo hivyo... wima..."

Lakini ulimi ulikuwa mzito, na maneno yalitoka vipande vipande ambavyo hakuna aliyeweza kuviunga. Mama akampigia simu bibi wa jirani, akamwomba ampe mbwa chochote. Kisha alikaa kando ya kitanda akimkanda mwanawe paji la uso kwa kitambaa cha maji. Kitinda alizama usingizini huku akijaribu kusema neno moja ambalo halikutoka.

Kesho yake mchana, homa ilipopungua, walirudi nyumbani taratibu. Chiriku alikuwa amekaa mbele ya lango. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale hakuwa na la kusema. Macho yake yalikuwa yamevimba.

Kitinda alimpita akaingia uani. Bakuli kubwa lilikuwa sakafuni, limelambwa mpaka likang'aa. Mbele yake kulikuwa na chakula kilichocheuliwa, na mbele zaidi Kofia alikuwa amelala, shingo ameinyoosha, akivuta pumzi fupi fupi zenye mlio. Ute mzito ulimtoka puani. Alimwona Kitinda, akajaribu kutikisa mkia. Ulipiga chini mara moja, ukatulia.

"Umempa nini?" Kitinda aligeuka. "Umempa nini?"

"Wali... na nyama. Vipande vizuri. Alikuwa na njaa, akala vyote, nikafurahi..." Chiriku aliyafuta machozi kwa mkono. "Halafu vikarudi. Akakohoa, na hakuacha kukohoa."

"Umemuua! Umemuua mbwa wangu!"

"Nilikuomba unifundishe," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuomba mara ngapi?"

Kitinda aliinama kumbeba Kofia, lakini homa ilikuwa imemmaliza nguvu, akakaa chini. Chiriku ndiye aliyemwinua mbwa, akamkumbatia kifuani kichwa kikiwa juu, na bila kuulizwa akatangulia kutoka langoni. Mama alimshika Kitinda mkono, wakafuata.

Kwa daktari hapakuwa na maneno mengi. Mzee yule aliweka vyuma vya kusikilizia masikioni, akasikiliza upande mmoja wa kifua, akasikiliza wa pili, uso wake ukakunjamana.

"Chakula kimeingia kwenye mapafu. Jana alikula vipi? Mama, dawa ulimpa kabla ya kula?"

Mama aliduwaa. "Dawa? Mimi sijawahi kumpa dawa, daktari. Hata sijui inapimwaje."

Daktari alimtazama mama tena, kisha Kitinda. "Sijaelewa. Ninahitaji kujua kama dawa imeshindwa kazi, nibadilishe, au kama hakuipata kabisa. Nikikosea hapa, namwongezea sumu mnyama aliyechoka. Nani ataniambia ukweli?"

Kitinda aliitazama sakafu. Ingekuwa rahisi kukaa kimya na kuiacha lawama ilale pale ilipokuwa imelala, mabegani mwa Chiriku.

"Hakuipata," alisema. "Asubuhi nilimpa mimi, jioni hakuipata. Hakuna anayejua kuitoa. Nilikudanganya, daktari. Mama hajui, Chiriku hajui. Waliniomba niwafundishe nikakataa. Nilitaka awe na mimi tu."

Hakuna aliyemfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa akikitafuta, akageukia kabati la dawa. "Basi dawa yake haijashindwa. Hiyo ni habari njema, na umenisaidia kuipata. Sasa tupambane na mapafu. Atabaki hapa. Siahidi kitu."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko zote. Kitinda alitoka shule, na miguu ikamkimbiza kwa mazoea, kisha katikati ya njia akakumbuka kwamba hakuna anayemsubiri. Nyumbani mama alikuwa amelala. Kreti lilikuwa tupu kwenye kona. Alifagia ua uliokuwa umekwisha kufagiwa. Aliosha bomba la dawa lililokuwa safi. Alikaa chini pale pale alipozoea kukaa, akaanza kusimulia habari za darasani, akaona aibu kusikia sauti yake mwenyewe, akanyamaza.

Ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya pia. Chiriku hakuchungulia. Darasani alikaa ameinamia dawati, na watoto walianza kuulizana kama naye amepata homa.

Siku moja daktari alipiga simu kwa mama. Kofia alikuwa amekula matonge yake ya kwanza bila kukohoa. Mapafu yalikuwa yanasafika. Angeweza kuchukuliwa kesho yake.

Kitinda alifurahi mpaka akacheka peke yake. Kisha furaha ikapungua taratibu, akasimama, akatoka, akaenda kubisha hodi nyumba ya pili. Bibi alikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Alimwonyesha kwa kidevu chumba cha ndani. Chiriku alikuwa amekaa nyuma ya pazia.

"Kofia anarudi kesho," Kitinda alisema. "Njoo twende kumchukua. Nataka nikufundishe kumlisha."

"Hakubali mtu mwingine," Chiriku alijibu bila kugeuka.

"Anakubali. Mimi ndiye niliyekataa. Na si wewe uliyemwumiza. Ulimpa chakula kwa sababu alikuwa na njaa. Nisamehe kwa neno lile."

Pazia lilitikisika. "Unajua sijala vizuri tangu siku ile?" sauti ya Chiriku ilianza polepole, kisha ikashika kasi. "Bibi alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu, mimi nasema sina minyoo nina huzuni, yeye anasema huzuni haikondeshi mtu hivyo..."

Kutoka chumba cha mbele bibi alisema na pini zake mdomoni, "Mungu ashukuriwe, redio imerudi."

Kesho yake, kwa daktari, Kofia aliletwa akiwa amekonda lakini macho yamechangamka. Daktari hakuwaruhusu kuondoka. Aliweka chupa ya dawa mezani, akakunja mikono. "Mwalimu ni binti huyu. Mimi natazama tu. Fundisha."

Kitinda akafundisha. Alimwonyesha mama namna ya kuvuta dawa mpaka kwenye mstari na kuutoa upepo. Alimwonyesha Chiriku ukubwa wa tonge na ulaini wake. Aliwaeleza kwamba Kofia akicheua asilishwe tena papo hapo, na kwamba kikohozi, ute wa puani au pumzi za haraka havisubiri kesho. Chiriku aliuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika, na daktari akayajibu yote. Mama, aliyezoea kubeba trei za moto bila kutetereka, alilishika lile bomba dogo kama mtu aliyeshika yai.

"Polepole, mama. Pembeni mwa mdomo, siyo katikati."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Maisha yakabadilika, ingawa si kwa siku moja. Mama alichukua zamu za siku zake za mapumziko, na siku nyingine Chiriku aliruka ukuta akiwa na hadithi ambazo Kofia alilazimika kuzisikiliza akiwa wima, hana pa kukimbilia. Mara chache Kofia bado alicheua. Daktari alikuwa amewaambia itakuwa hivyo, na hawakushtuka tena.

Lakini jioni moja Kofia alimwona Chiriku akishuka ukutani, akatoka mapajani mwa Kitinda na kumkimbilia kwa mkia na mwili mzima. Kitinda alibaki ameketi na manyoya meupe kwenye sketi yake. Akageuza uso.

Mama aliona. Alikuja akakaa chini kando yake, mgongo ukutani.

"Inauma kidogo, siyo?"

Kitinda aliitikia kwa kichwa.

"Najua. Kaka yako alipoondoka, mimi nilijificha kwenye usingizi, na wewe ukajificha kwa Kofia. Hukuniambia, nami sikukuuliza. Hilo ni kosa langu kama mama, na nitalirekebisha." Alimpangusa manyoya kwenye sketi. "Lakini sikia, mwanangu. Ugonjwa usioisha hauwezi kuwa siri ya mtu mmoja. Siku ile ulipoanguka wewe, Kofia naye alianguka, kwa sababu kila alichohitaji kilikuwa kimefungwa kichwani mwako. Mgonjwa anayependwa kweli, watu hufundishwa dawa yake. Na anayemtunza naye apumzike, augue, acheze, bila mgonjwa kudhurika. Ukifundisha wengine hupungukiwi na kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Lakini sasa anampenda Chiriku."

"Anapenda masikio yakikunwa," mama alisema. "Na wewe je, humpendi Chiriku?"

Kitinda aliwatazama wawili wale kwenye kona. Chiriku alikuwa anajaribu kumpandisha Kofia kwenye kreti huku akimweleza, kwa kirefu, kwa nini hesabu za sehemu hazina maana. Kofia alikuwa ameingia kinyumenyume.

"Kidogo," Kitinda alikiri.

"Basi nenda ukamsaidie. Amemgeuza mbwa nyuma mbele."

Kitinda aliinuka akaenda. Mama alibaki pale chini akiwasikiliza, na jua la jioni likawakuta wote bado wako uani.